Kitabu Kwanza, Boksi Baadaye

Mazungumzo haya niliyatoa Mwanza mbele ya wapenzi wa modeli za ndege. Nimeyaandika upya kutoka kwenye kinasa sauti. Vicheko nimevipunguza, ukali nimeuacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi. Na nyinyi vijana wa kule nyuma, ambao nasikia mnachana nailoni za maboksi kabla sijafungua mdomo, karibuni pia.

Katibu alipokuwa anaandika tangazo aliniuliza, "Nikuandike nani? Mtaalamu? Mhandisi?" Nikamwambia andika mtu anayebandika plastiki. Sijawahi kurusha ndege wala kutumikia jeshi. Nilichonacho ni miaka ishirini na kitu ya kukesha mezani na taa, msasa na gundi, na mke anayeniuliza kila ninapomaliza: "Hii nayo itaruka lini?"

Nianze na gari, si ndege.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ndege nne za mizigo za Israeli, aina ya Hercules, zilitua Entebbe kuokoa mateka, ng'ambo ya ziwa hili hili mnaloliona dirishani. Ya kwanza iliposhusha mlango wake wa nyuma ikatoka Mercedes nyeusi, na Land Rover zikiifuata, ili walinzi wa Kiganda wadhani ni msafara wa Idi Amin. Gari lile kwao lilikuwa jeupe, wakalipiga rangi nyeusi kwa ajili ya safari hiyo. Wakalifunga na namba za Uganda. Inasimuliwa kwamba walinzi wawili walilisimamisha kwa sababu walijua mkubwa wao siku hizo anatembelea Mercedes nyeupe. Wapo waliokuwamo mle garini wanaobisha. Wanasema mlinzi aliinua bunduki kama anavyoinulia gari lolote. Wazee mtaamua wenyewe. Ninachojua ni kwamba risasi zililia kabla ya wakati wake, na mpango wa kuwahadaa walinzi ukaharibika pale pale.

Sasa nyinyi mnaopenda kujenga, litazameni jambo hilo kwa jicho letu. Watu walikuwa na gari lenyewe, aina yenyewe, namba zenyewe. Kama masimulizi ni ya kweli, walichokosa ni rangi ya wiki ile. Sisi hatupigwi risasi tukikosea, tunachekwa tu. Lakini kosa ni lile lile: kudhani ukishajua "ni Mercedes ya Amin" basi umeshajua rangi. Mtu ananijia, "Mzee, nataka kujenga MiG ya Tanzania, rangi yake ipi?" MiG ni ndege ya kivita ya Kirusi. Namuuliza, MiG ipi, ya mwaka gani, mwezi gani? Ananiona nina maringo. Sina maringo, nakumbuka gari.

Hilo ndilo lililonileta hapa, mengine ni mbwembwe. Usinunue boksi kabla hujajua unajenga ndege ipi na ya siku ipi. Kitabu kwanza, boksi baadaye. Pesa ikitosha kimoja, nunua kitabu.

Kwanza tukubaliane neno. Waingereza wana neno lao fupi la furushi hili la vipande, ambalo tukiliandika kwa masikio yetu linakuwa kiti. Nilijaribu kulitumia mwaka fulani kwenye mkutano kama huu. Nikasema "kila mtu achukue kiti chake," watu wakaanza kuburuta viti. Tangu siku hiyo nasema seti.

Na seti zimegawanyika kwa skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ndege ya kweli. Hii niliyoishika ni moja kwa sabini na mbili. Kwa nini sabini na mbili, si hamsini, si mia? Kwa sababu waliobuni walipima kwa inchi na futi. Inchi moja ya modeli ni futi sita za kweli, na futi sita ni mtu mrefu aliyesimama wima. Kwa hiyo rubani wako anakuwa na urefu wa inchi moja, kama kipande cha juu cha kidole gumba. Mwaka 1936 kampuni ya FROG ya Uingereza ilitoa seti za plastiki kwa kipimo hicho ikaziita Penguin. FROG walizoea kuuza modeli zinazopaa, na hizi hazikupaa, basi wakazipa jina la ndege asiyeruka. Utani huo kwa Kiswahili unanoga kuliko kwao, maana sisi yule wa manyoya na huyu wa injini wote ni ndege.

Halafu vita vikaja, na mchezo ukawa kazi. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli nusu milioni za mbao, kwa kipimo hiki hiki, za kufundishia askari kuitambua ndege ya adui na ya rafiki. Hesabu yake ni nyepesi. Kijana wewe, simama pale mlangoni. Kutoka hapa hadi hapo ni kama mita kumi. Nikikuinulia MiG hii, mabawa yake ni sentimeta kumi kasoro kidogo, unaiona kama ndege ya kweli iliyo umbali wa mita 720. Haya, niambie pua yake ni ya duara au imechongoka? Huoni vizuri. Ndivyo alivyokuwa haoni yule wa kwenye mzinga, naye alikuwa na sekunde chache za kuamua apige au aache. Mimi huwa nawaambia wanaotucheka kwamba tunacheza: waliotutangulia walichonga ili mtu asimwangushe ndugu yake.

Habari za viwanda nitazipitia mbio. Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Mhungaria, Nicholas Kove. Alianza na wanasesere wa mpira wa kujazwa upepo, akaja kutengeneza vitana vya nywele, na modeli yake ya kwanza ilikuwa trekta la Ferguson, mwaka 1949. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha mbao. Moto ukakiunguza mwaka 1951, wakabaki na modeli za mbao, baadaye wakahamia plastiki. Wacheki wana Eduard, iliyozaliwa mwaka 1989. Nawatajia haya ili mjue ni watu wa biashara. Kalibu ya chuma inayomwagiwa plastiki ni ghali mno, na mwenye kalibu atachonga kile kitakachorudisha pesa yake. Ndiyo maana Spitfire zimejaa duniani, Messerschmitt 109 zimejaa, Mustang zimejaa. Ndege aliyoirusha baba yako haipo, au ipo kwa bahati tu kwamba jeshi lingine kubwa lilirusha aina hiyo hiyo.

Na kalibu haifi. Inachongwa leo, inawekwa stoo, miaka thelathini baadaye inatolewa tena na boksi jipya lenye picha mpya ya kung'aa. Nilinunua moja ya namna hiyo dukani, mji sitautaja, duka sitalitaja. Juu ya boksi ndege inawaka moto, mawingu, jua linazama. Ndani nikakuta plastiki ya babu: mistari ya bati imeinuka badala ya kuzama, misumari imetokeza kama vipele vya tetekuwanga, na stika za maji zimekuwa njano kama karatasi ya sambusa. Stika nilizibandika dirishani zipigwe na jua, na baada ya wiki mbili zikarudi weupe wake. Hiyo ni mbinu ya zamani, ishikeni. Plastiki jua halikuisaidia. Kitabu au mtu mzoefu angenionya kwamba seti ile ina umri kunizidi.

Hata kalibu mpya inakosea, na wanaokosea si wajinga. Mwaka 2014 Eduard walitoa Messerschmitt 109 G-6 kwa skeli ya moja kwa arobaini na nane. Ilikuwa nzuri ya kulia machozi, kila msumari mahali pake. Watu wakaweka rula. Ndege imezidi! Ilikuwa kubwa kuliko skeli iliyoandikwa juu ya boksi. Wenyewe wakakubali kosa, wakachonga kalibu upya, na mwaka 2016 ikatoka iliyo sahihi. Nawasifu kwa hilo, maana wengine wangekaa kimya na kuendelea kuuza. Lakini ona nani aligundua. Ni watu waliokaa nyumbani na kitabu chenye vipimo na rula ya shule.

Kuna visa viwili vya Marekani ninavyopenda kuvisimulia pamoja. Mwaka 1961 kampuni ya Revell walitoa nyambizi ya kubeba makombora ya Polaris, ubavu unafunguka unaona vyumba vya ndani hadi makombora. Admirali Rickover, msimamizi wa mpango wa nyambizi za nyuklia, akalalamika kwamba Warusi wanapata siri kwa chini ya dola tatu. Hiyo ilikuwa ya kweli kupita kiasi. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ikatoa ndege ya siri iliyoitwa F-19, isiyoonekana kwa rada. Seti ikagombaniwa, wabunge wa Marekani wakapiga kelele kwamba siri imevuja. Mwezi Novemba 1988 serikali ikaonyesha ndege yenyewe, F-117, na haikufanana kabisa. Ile ya boksi ilikuwa na mikunjo laini kama samaki, hii ya kweli ilikuwa bapa bapa, kama jiwe lililokatwa kwa shoka. Miaka miwili watu walikuwa wameweka kabatini ndege ambayo haijawahi kuwepo. Plastiki haina haya. Ukiimwagia uongo kwenye kalibu, inatoka imenyooka vile vile.

Sasa tuje kwenye kusoma picha, maana hapa ndipo penye utamu.

Tuchukue MiG-21. Mtu akiniambia anataka kujenga MiG-21 ni sawa na kuniambia anataka kuchora daladala. Daladala ipi? Zilitengenezwa zaidi ya elfu kumi, kwa miaka mingi, na kila baada ya miaka michache walibadilisha kitu. Ya mwanzo iliyoenea ni F-13. Pua yake nyembamba, na ule mrija mrefu wa kupimia mwendo unatokea chini ya pua. Kioo cha rubani kinafunguka kwa kwenda mbele, kama boneti ya baadhi ya magari. Zilizofuata zikanenepa pua ili rada kubwa ienee ndani ya ile koni, na mrija ukapanda juu. Ukifika MF, mrija uko juu lakini umesogea upande wa kulia wa rubani. Kioo kinafunguka kwa ubavu, kulia. Chini ya kila bawa kuna mahali pawili pa kuning'iniza silaha, badala ya mahali pamoja pekee. Tumboni kuna mzinga wa mitutu miwili. Parashuti ya kufungia breki, ambayo kwenye F-13 inakaa tumboni nyuma, kwenye hii imehamia chini ya mkia wa wima. Wachina nao walichukua ile ya mwanzo, wakaiita J-7, wakaibadilisha kwa njia yao. Jeshi letu limerusha za Kirusi na za Kichina, kwa hiyo hapa nyumbani kusema "MiG" tu hakutoshi.

Kwa hiyo ukipata picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa stempu, usihangaike kwanza na namba wala rangi. Tafuta mrija. Uko chini? Juu katikati? Juu kulia? Halafu mkia, una uvimbe wa parashuti au hauna? Ukijibu mawili hayo unajua boksi la kununua na la kuacha dukani. Nimeshuhudia mtu akimaliza MF safi kabisa, rangi imekaa kama hariri, akaweka pembeni picha ya ndege aliyokuwa anaifuata, na kwenye picha mrija uko chini ya pua. Miezi minne ya kazi. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliona mwenyewe, akaifunika na gazeti.

Ndani ya chumba cha rubani Warusi walipaka ule ubuluu wa kijani ambao mkitaka kuujua nendeni mkatazame ukuta wa zahanati nyingi za zamani. Magurudumu yake katikati ni kijani cha majani mabichi. Ukiona modeli ya MiG-21 yenye chumba cha kijivu, uliza kabla ya kucheka, kwa sababu si kila nchi iliacha kama ilivyopokea. Lakini uliza.

Rangi ni bahari. Wamarekani wana kitabu chao cha rangi chenye namba za tarakimu tano. Ya kwanza inakwambia mng'ao: moja inang'aa, mbili nusu, tatu imekauka haing'ai kabisa. Kwa hiyo 36375, kijivu chepesi cha ndege zao nyingi, unajua hata kabla ya kufungua chupa kwamba ni rangi kavu. Vitabu hutumia namba hizo hata kwa ndege za Kirusi ambazo Warusi hawakuzipaka kwa kitabu hicho. Maana yake mwandishi anasema "inakaribia hii." Anakadiria tu, msimshike shati. Na picha za kale zina ujanja wake. Filamu fulani za zamani hazikuona rangi nyekundu, zilizichora nyekundu na njano kama giza. Ukitazama ndege ya Kiingereza ya vita vya pili ukaona ile duara ya nje ya nembo imekuwa nyeusi, usikimbilie kopo la nyeusi. Huenda ni njano kabisa, jicho la filamu ndilo lililokuwa na mtoto wa jicho.

Vitabu vyenyewe navyo si vya aina moja, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Vile vinavyopendwa zaidi ni vyenye michoro ya rangi ya ubavu, ndege moja juu ya nyingine, tamu kama pipi. Mchoro huo si ushahidi. Mchoraji alipata picha moja, mara nyingi nyeusi na nyeupe, ya upande mmoja. Upande wa pili amekisia. Mgongo amekisia. Kisha mchoraji wa kitabu kingine ananakili kwake, wa tatu ananakili kwa wa pili, na baada ya vitabu vitatu kisio limekuwa historia. Mimi hutafuta vitabu vya picha za karibu, mtu ameizunguka ndege na kamera kama fundi gereji: kisima cha gurudumu, bomba la mafuta, kiti, uchafu unapokaa. Squadron/Signal wa Texas walitoa vingi vidogo vya kulala kwa upana, kurasa hamsini hivi, na mimi nimejengea navyo zaidi kuliko vitabu vizito vya bei ya mbuzi. Vya Kijapani sijui kusoma hata neno, lakini picha zake zinaongea. Na mkishapata picha, someni maelezo yake ya chini: nani alipiga, wapi, lini. Picha isiyo na tarehe ni mgeni asiye na kwao.

Kuhusu vita vya kwetu, kampuni ya Helion ya Uingereza ina mfululizo uitwao Africa@War, na Vita vya Kagera vimo. Ni msaada mkubwa. Ila umeandikwa kwa Kiingereza, mbali na hapa, na watu waliokusanya kwa simu na barua kile ambacho sisi tunakipita mtaani kila siku tukisema shikamoo. Nitalirudia hilo.

Niseme kidogo kuhusu joto, maana vitabu vya ufundi vimeandikwa na watu wenye baridi. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege pwani yetu kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Sopwith zao za kwanza hazikuliweza joto la huku, gundi na mbao vikaachana. Wakaleta nyingine, wakazirushia kutoka kisiwa cha Mafia, na tarehe 11 Julai ndege ikawa juu ikiwaelekeza wapiga mizinga hadi Königsberg ikaangamia mtoni. Mimi kila gundi yangu inapokauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye plastiki huwakumbuka mafundi wale wa Mafia.

Kwa hiyo jengeni alfajiri au usiku. Gundi ya plastiki haibandiki, inayeyusha, vipande viwili vinakuwa kimoja, na kwa joto letu inayeyusha haraka kuliko boksi linavyosema. Supagluu msiisogeze karibu na kioo cha rubani, mvuke wake unaacha ukungu mweupe ndani na hutaufikia tena kuufuta. Thina ya wapiga rangi magari msiiguse kabisa. Fundi wa jirani alinigawia kikombe kwa wema, nikachanganyia rangi, bawa la ndege yangu ya Hunter likalainika kama ndizi iliyoiva. Lakini kwa fundi huyo huyo chukueni msasa wa maji, ule laini wa mwisho, hakuna bora yake. Na vijiti vya mishikaki ndiyo mikono yangu ya ziada: vipande vidogo navibandika kwenye ncha, napuliza rangi, nachomeka kwenye kiazi vikauke. Mke wangu ameshapika kiazi chenye kijivu cha Marekani. Tulikila. Tupo.

Seti nyingi mnaletewa na ndugu walio Dubai au Ulaya. Mzigo wangu mmoja ulikaa kwenye ofisi fulani wiki sita kwa sababu karani alisoma neno "kombora" juu ya boksi, akaniita nijieleze. Nikamfungulia. Kombora lenyewe lilikuwa dogo kuliko njiti ya kiberiti. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Na hili linalipiwa ushuru gani?" Mpaka leo sijui nililipia fungu gani.

Nirudi kwenye lile nililosema nitalirudia.

Majirani zetu wa Kenya wana nafuu kwa upande mmoja: F-5 waliyoanza kuirusha mwaka 1978 ilirushwa pia na Waswisi na Wabrazili na wengine wengi, kwa hiyo seti zipo na vitabu vipo, wanabaki kuhangaikia nembo na namba. Lakini hata wao wana pengo. Mtu wa Nyeri anaweza kujenga Harvard ya Uingereza iliyoruka kutoka Mweiga miaka ya 1953 hadi 1955, au Lincoln ya Eastleigh, zilizomwaga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Seti ya Harvard haina shida. Kitabu kitamwambia kikosi, namba ya mkiani, uzito wa bomu. Aliyekuwa chini ya mti hayumo hata kwenye maelezo ya picha. Sisemi asijenge. Mimi ningejenga, na kadi ya chini ningeiandika kwa mkono wangu.

Sisi hapa tumekuwa chini ya mti. Mwezi Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, Tupolev Tu-22 ya Libya, ndege ya mabomu, ilikuja kumsaidia Amin kwa kuupiga mji huu. Ilikusudia matangi ya mafuta. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Wazee humu ndani walisikia mshindo ule kwa masikio yao. Tu-22 ina seti, nzuri tu, na ina vitabu. Hakuna kitabu nilichokiona kinachoniambia ilipita upande gani wa Capri Point, ilikuwa juu kiasi gani, na ilionekana ya fedha au nyeusi kwa aliyekuwa anavua ziwani. Hayo yako vichwani mwenu, mstari wa mbele.

Vijana, nisikilizeni kwa makini hapa. Kupiga picha kambi ya jeshi au ndege zake ni kosa, na mimi siwatumi huko. Msisimame kwenye uzio wa uwanja na simu zenu mkasema mwalimu wa modeli kasema. Wala msimwulize askari aliye kazini leo habari za kazi yake. Ndege za kale ndizo ninazozungumzia, zilizoonyeshwa hadharani kwenye sherehe za Uhuru, zilizopigwa picha na magazeti, zilizomo kwenye albamu za harusi kwa sababu bwana harusi alisimama mbele ya ndege yake. Nendeni kwa babu na daftari. Mkamsalimie, mkakae, mkanywe chai, msianze na maswali. Msimwulize "rangi gani," maana atakujibu kijani ili muondoke. Mpelekeeni modeli ambayo haijapakwa rangi na mumwachie mkononi. Nimeona mikono ya mzee ikiitambua ndege kabla ya macho yake. Aliipindua tumbo juu, akaweka kidole mahali penye kifuniko kidogo, akasema, "Hapa palikuwa panatuunguza." Sehemu hiyo kwenye kitabu changu imeandikwa tu "kifuniko."

Basi, ndugu mwenyekiti, naona unaangalia saa na sambusa zimeshafika.

Hii MiG niliyokuwa naizungushazungusha muda wote ni MF, moja kwa sabini na mbili, ya Eduard. Mrija juu kulia, mnauona. Chumba cha rubani nimemaliza, magurudumu nimemaliza. Mwili nimeupaka rangi ya awali tu, kijivu cha kufunikia plastiki. Picha niliyonayo imepigwa kwa ubavu wa mbele, mkia umekatwa na ukingo wa fremu, na kivuli cha bawa kimeangukia pale pale ambapo rangi ya juu inakutana na rangi ya tumbo. Namba sijaiandika, mpaka wa rangi sijauchora. Nimekuja na penseli laini, inafutika.

Mzee wangu uliyevaa koti la kaki, naomba usogee hapa kwenye meza kabla ya chai. Ishike tu. Chukua muda wako.